Taa za nyuma za LED kwenye gari la 4x4: dalili, visababishi na marekebisho

Wenye magari ya 4x4 hubadili taa za nyuma kwa sababu za msingi. Globu ya filamenti haidumu kwenye barabara ya mawe, mwanga wake humezwa na vumbi, na baada ya breki kukanyagwa huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake kamili, ilhali LED huwaka papo hapo. Kwa gari linalokuja nyuma kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo mfupi ni zaidi ya mita 5 za barabara. Faida hiyo ni ya kweli na inastahili jasho lake. Hata hivyo, ni kawaida taa mpya zikishafungwa gari lianze kuonyesha vituko ambavyo havikuwapo: indiketa zinakimbia, taa zinawaka hafifu wakati swichi imezimwa, ukiwasha upande mmoja pande zote mbili zinaitikia.

Vituko hivyo vingi vina mzizi mmoja. Globu ya wati 21 huvuta karibu ampea 2, na filamenti yake ni waya mtupu unaopitisha umeme upande wowote. LED inayochukua nafasi yake huvuta sehemu ndogo tu ya mkondo huo, na hupitisha umeme upande mmoja pekee. Flasha (kifaa kinachozipepesa indiketa), kompyuta ya gari, taa za dashibodi na wakati mwingine hata mfumo wa kushikilia mwendo (cruise control) vilibuniwa vikitarajia globu nzito iwepo mwisho wa waya. Kwa hiyo anayetafuta tatizo asikimbilie kuilaumu taa mpya wala kununua nyingine. Ajiulize kwanza globu ya zamani ilikuwa ikifanya kazi gani zaidi ya kutoa mwanga.

Kabla ya kufungua chochote

Hakikisha volti za gari. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilitoka kiwandani na mfumo wa volti 24, na taa ya volti 12 ikifungwa humo huungua mara moja au baada ya siku chache. Kuwepo kwa betri mbili chini ya boneti hakutoshi kuwa ushahidi, kwa sababu betri mbili zinaweza kuunganishwa sambamba zikabaki na volti 12. Pima kwa mita: mfumo wa volti 12 ukiwa umetulia husoma takriban 12.6, na injini ikiwaka husoma kati ya 13.8 na 14.4. Mfumo wa volti 24 husoma takriban mara mbili ya hapo.

Kifaa cha pili cha lazima ni globu ya wati 21 iliyounganishwa na nyaya mbili zenye vibanio. Wengi hupima kwa mita peke yake, na mita huwadanganya. Mita haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu ukabakiwa na mguso hafifu tu bado utaonyesha volti 12.6 kamili. Unganisha globu kwenye waya huohuo na utaona volti zinaporomoka, kwa kuwa mguso huo hauwezi kupitisha ampea 2. Kipimo kisicho na mzigo kinakuambia tu kwamba waya umefika. Kipimo chenye mzigo kinakuambia kama waya unafaa.

Globu za zamani, au taa nzima za zamani kama ulibadili kila kitu, usizitupe mpaka kazi iishe, kwa sababu ndizo zinazotoa jibu la kwanza. Rudisha globu ya zamani mahali pake. Ikiwa tatizo linatoweka, nyaya zako ni nzima na kinachohitajika ni kuipatanisha LED na mfumo wa gari. Ikiwa tatizo linabaki vilevile, basi lilikuwamo tangu zamani na taa mpya imelifichua tu. Jaribio hilo la dakika chache huokoa nusu ya kazi, na ningependa lifanywe kabla ya mtu kushika koleo.

Indiketa inapepesa haraka kupita kiasi

Kasi inayokubalika chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari ni mapepeso 60 hadi 120 kwa dakika. Ikizidi hapo, flasha inaamini kwamba globu moja imeungua. Flasha za zamani zina bamba la metali mbili linalopashwa moto na mkondo wa taa zenyewe, na nyingi za kielektroniki hupima mkondo huo moja kwa moja. Zote zimepangwa kwa uzito wa globu za wati 21, hivyo LED kwao ni sawa na globu iliyokufa.

Tazama kwanza kama pande zote mbili zinakimbia au ni upande mmoja. Pande zote zikikimbia baada ya LED kufungwa pande zote, kisababishi ni mkondo mdogo. Upande mmoja ukikimbia peke yake, usiilaumu flasha; kagua indiketa ya mbele ya upande huo, ile ya ubavuni, na ethi zake, yaani njia za kurudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari. Jaribu pia taa za hadhari, kwa maana aghalabu flasha haikagui globu zikiwa zote zinapepesa pamoja, na kasi ikirudi kuwa ya kawaida hapo umepata uthibitisho.

Tiba ninayoipendelea ni flasha ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ambayo mwendo wake hautegemei mkondo. Ya miguu mitatu huwa na alama B kwa umeme unaoingia, L kwa waya unaokwenda kwenye swichi ya indiketa, na E kwa ethi. Nyingine huandikwa 49, 49a na 31 kwa mpangilio huohuo wa kazi. Kabla ya kuichomeka, linganisha alama za flasha mpya na ya zamani, kwani watengenezaji hawapangi miguu kwa namna moja, na B na L zikibadilishana nafasi flasha inaweza isifanye kazi au ikaharibika. Pale flasha ya zamani ilipokuwa na miguu miwili tu, utalazimika kuivutia mpya waya wa ethi.

Magari mengi ya karibuni hayana flasha ya kuchomoa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi. Hapo kuna njia mbili, kubadili mpangilio wa kompyuta kama gari linaruhusu, au kufunga resista, kipande cha ukinzani kinachovuta mkondo mahali pa globu. Resista inayotumika sana ni ya omu 6, wati 50, na hufungwa sambamba na taa, yaani kati ya waya wa indiketa na ethi. Kwa volti 13.5 huvuta ampea 2.25 na kugeuza takriban wati 30 kuwa joto kila inapowaka. Joto hilo linaweza kuyeyusha plastiki ya taa, zulia la buti na ngozi za nyaya zilizo jirani. Ifunge kwa skrubu kwenye bati la gari, mbali na nyaya na plastiki, na kamwe usiifunge kwa kamba ya plastiki juu ya fungu la nyaya. Resista ya namna hiyo kwenye waya wa breki ni hatari zaidi kuliko kwenye indiketa, kwa sababu indiketa huwaka nusu ya muda tu, lakini dereva anaweza kukanyaga breki dakika nyingi mfululizo akiwa kwenye foleni.

Ukishafunga flasha isiyopima mkondo, gari limepoteza uwezo wa kukuonya kwamba indiketa imekufa. Zizungukie taa zako mara kwa mara.

Ukiwasha upande mmoja, pande zote zinapepesa

Hili huwatia watu wasiwasi kwamba wameunganisha nyaya vibaya, na mara nyingi hawakukosea popote. Magari mengi ya zamani yana taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi kwa pande zote mbili. Taa hiyo ndogo haina ethi yake. Mguu wake mmoja umefungwa kwenye waya wa kushoto na wa pili kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita kwenye taa ya dashibodi, huingia waya wa kulia na kushukia ethi kupitia globu za kulia, ambazo haziwaki kwa kuwa mkondo huo ni mdogo sana kwa filamenti ya wati 21. Zikiwekwa LED pande zote, mkondo huohuo mdogo unatosha kuziwasha.

Dawa yake ni diodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), mfano 1N4007, ambayo hubeba ampea 1 na inatosha kabisa kwa taa ndogo ya dashibodi. Chomoa nyaya mbili za taa hiyo. Waya wa kushoto uunge kwenye diodi ya kwanza na wa kulia kwenye ya pili, upande usio na mstari. Pande zenye mstari ziunge pamoja na uzipeleke kwenye mguu mmoja wa taa ya dashibodi, kisha mguu wa pili uupeleke ethi. Sasa kila upande unaweza kuiwasha taa ya dashibodi, lakini hakuna upande unaoweza kuvukia mwingine. Ikiwa nawe umeweka LED kwenye dashibodi, mpangilio huu ni wa lazima, kwa sababu LED moja isiyo na ethi yake itaonyesha upande mmoja tu.

Taa zinaingiliana kazi, au zote zimefifia

Taa ndogo zinapepesa pamoja na indiketa. Ukikanyaga breki, taa ndogo zinafifia au taa ya rivasi inang'aa kidogo. Dalili hizi, pamoja na ile ya taa za upande mmoja kuwa hafifu kuliko za pili, karibu kila mara ni ethi mbovu. Umeme uliozuiwa kurudi kwenye betri kwa njia yake hutafuta njia nyingine kupitia filamenti ya jirani. Kwenye taa zenye LED kila mahali njia hiyo ya pembeni imezibwa, hivyo ethi mbovu hujitokeza kwa sura nyingine: taa inafifia, inasitasita, au haiwaki kabisa injini ikiwa imezimwa, ilhali injini ikiwaka inafanya kazi vizuri.

Gari la 4x4 linateseka zaidi kwa ethi kuliko gari dogo. Bodi ya gari lenye chesisi imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na chesisi kwa umeme ila kwa mkanda wa ethi uliowekwa makusudi. Bampa ya chuma iliyonunuliwa baadaye imepakwa rangi nzito ya unga inayozuia umeme, na taa zilizofungwa humo kwa boliti tu zinategemea mguso wa bahati. Land Rover Defender ina mabati ya aluminiamu yaliyofungwa kwa boliti za chuma, na metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi au matope hulana, zikaacha unga mweupe unaozuia umeme kati yake.

Kipimo chake ni hiki. Washa taa ndogo, indiketa na breki kwa pamoja, huku globu yako ya majaribio ya wati 21 imeungwa mahali pa taa ya breki ili kuwe na mzigo. Weka mita kwenye kipimo cha volti, ncha nyeusi kwenye mguu hasi wa betri, ncha nyekundu kwenye mguu wa ethi wa taa. Waya mrefu wa kupimia utahitajika, na inafaa kuutengeneza. Usomaji wa volti 0.1 au chini yake ni wa afya. Volti 0.5 inamaanisha kwamba njia ya kurudi ina ukinzani usiostahili kuwapo, na lazima utafutwe. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri, kutoka mguu wa taa hadi kichwa cha waya, hadi boliti, hadi bati lililo chini ya boliti, hadi chesisi. Mahali volti zinaposhuka ghafla ndipo penye ugonjwa.

Fungua boliti hiyo, sugua kichwa cha waya na bati kwa msasa mpaka metali ing'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake ili maji yasiingie. Kupaka grisi kabla ya kukaza si kosa kubwa, ila rangi kabla ya kukaza ni kosa. Kwa taa zilizo kwenye bampa au kwenye mlango unaobeba tairi la akiba, sitegemei bati kabisa: kila taa ipewe waya wake wa ethi wa milimita 1.5 za mraba, na nyaya zote zikutane kwenye sehemu moja ya chesisi iliyosafishwa vizuri.

LED inang'aa hafifu au inameta wakati swichi imezimwa

Kwenye gari la zamani, chanzo ni umeme kidogo unaovuja, ama kutoka kwenye soketi ya tela yenye kutu na unyevu, ama kupitia taa ya dashibodi kama ilivyoelezwa, ama kwenye swichi iliyochakaa. Kausha na usafishe soketi ya tela kwanza. Kwenye gari la kisasa, kompyuta hutuma mipigo mifupi ya umeme ili kukagua kama globu ni nzima; filamenti haikuwahi kupata nafasi ya kupata moto kwa mipigo hiyo, lakini LED huionyesha kama kumeta. Kompyuta nyingine hutumia globu moja kwa kazi mbili, ikikatakata umeme kwa kasi kubwa ili kupata mwanga mdogo na kuuachia wote kwa breki, na LED isiyo na saketi ya kutuliza hutetemeka macho yako yakiitazama.

Mng'ao hafifu wa uvujaji huondolewa kwa resista ndogo ya omu 1,000, nusu wati, sambamba na taa. Hiyo haipati moto wa kutisha, kwani kwa volti 14 huteketeza wati 0.2 tu, na ni tofauti kabisa na ile ya omu 6. Haitaizuia kompyuta kulalamika kwamba globu imekufa. Kwa kumeta na kutetemeka kunakotokana na kompyuta, tumia LED iliyoandikwa kuwa inapatana na mfumo wa kompyuta ya gari, au kifaa cha kati chenye kapasita, kisha uangalie joto lake baada ya nusu saa ya kuwaka, maana vingine vina resista nzito iliyofichwa ndani.

Haiwaki kabisa, au fyuzi inakatika

LED ina upande chanya na upande hasi. Ile ya kuchomeka isiyo na kitako cha chuma, kama W5W, ichomoe na uigeuze. Yenye kitako cha kuzungusha haigeuziki, kwa hiyo ikigoma chunguza migusano ya ndani ya soketi: nukta za risasi chini ya LED mara nyingi ni bapa kuliko za globu, na springi iliyochoka haizifikii. Globu ya kazi mbili P21/5W ina vichomozi viwili vilivyo kwenye vimo tofauti ili isiingie kinyume. LED inayolazimishwa kuingia itabadilishana mwanga wa breki na wa taa ndogo. Globu ya indiketa ya rangi ya chungwa, PY21W, vichomozi vyake haviko mkabala, na kutoingia kwa LED ya kawaida humo ni ishara kwamba umenunua isiyohusika.

Fyuzi ikikatika mara tu taa ndogo zinapowashwa, na globu zako ni za kazi mbili za kuchomeka kama 3157 au 7443, shuku mpangilio wa miguu ya ethi. Soketi za umbo moja zipo za aina mbili, na LED ya aina isiyo yake huunganisha umeme na ethi moja kwa moja. Usiongeze ukubwa wa fyuzi kwa sababu yoyote.

Breki haionekani tofauti na taa ndogo

Hili ndilo tatizo linalonisumbua zaidi kuliko yote, kwa sababu dereva aliye ndani ya gari haoni kasoro yoyote. Globu ya zamani ilikuwa na filamenti ya wati 5 kwa taa ndogo na ya wati 21 kwa breki, na tofauti hiyo ndiyo inayomwambia aliye nyuma kwamba unasimama. LED nyingi za bei rahisi zina mwanga mkali tangu taa ndogo, na breki ikikanyagwa huongezeka kidogo tu. Mwambie mtu akanyage na kuachia breki mara kadhaa taa ndogo zikiwa zimewashwa, wewe ukiwa umesimama umbali wa mita 20 au zaidi, kwanza juani, kisha gizani. Ikiwa unalazimika kukodoa macho ili kutambua breki, taa hiyo irudishwe ilikotoka.

Visababishi vingine viwili vinafanana na hicho. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa mwanga hafifu wenye wekundu uliopauka, kwa sababu mwanga wa LED nyeupe umejaa bluu na manjano na una wekundu mchache, na kioo huzuia kila kitu isipokuwa huo mchache. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu. Pili, riflekta ya taa imechorwa kwa kufuata mahali filamenti ilipo. LED inayomulika mbele tu huacha riflekta giza, ukaona nukta moja kali katikati badala ya taa nzima. Ndiyo maana taa nzima iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo, yenye alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoiidhinisha, ni uamuzi bora kuliko kuchomeka LED kwenye taa ya globu, ambayo idhini yake ilitolewa ikiwa na globu. Ukibadili taa nzima, angalia kama mpya ina viakisi vyekundu. Nyingi za duara za milimita 73 zinazofungwa kwenye Defender hazina, na viakisi inabidi vifungwe peke yake, maana ndivyo vinavyoonekana gari likiharibika usiku betri ikiwa imekufa.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani linaweza kutumia globu moja nyuma ya kioo chekundu kwa breki na indiketa. Kulifungia taa zenye indiketa ya rangi ya chungwa kunahitaji kutenganisha nyaya za kazi hizo mbili, na si suala la taa peke yake.

Maji ndani ya taa

Alama IP67 inamaanisha kwamba taa ilistahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Jaribio hilo halifanani na kuvuka mto. Taa iliyopata joto la saa kadhaa ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kila upenyo, hata ndani ya waya, kati ya nyuzi za shaba na ngozi yake. Ukichubua waya sentimita chache kutoka kwenye taa iliyojaa maji ukakuta shaba ni nyeusi au ya kijani, maji yalipitia huko, na gasketi mpya ya kioo haitasaidia kitu. Kata mpaka upate shaba inayong'aa, unga kwa kiunganishi cha kubana chenye mrija wa gundi unaonywea kwa joto, na upinde waya ushuke chini kabla haujapanda kuingia kwenye taa ili matone yadondokee kwenye pindo.

Ukungu mwepesi unaotoweka baada ya muda si ugonjwa, na LED huuondoa polepole kuliko globu kwa kuwa mwanga wake hautoi joto jingi kuelekea kioo. Maji yanayocheza chini ya taa ni ugonjwa. Kabla ya kupaka silikoni, tafuta tundu dogo la kupumulia, kwani taa iliyozibwa tundu hilo itavuta maji kwa nguvu zaidi kupitia sehemu nyingine. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike karibu na umeme, kwa sababu asidi yake hula shaba.

Inazima gari likitikiswa

Anza kwenye bawaba ya mlango wa nyuma. Nyaya za taa ya tatu ya breki hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na shaba hukatika ndani huku ngozi ikibaki nzima. Toa mpira unaozifunika, ushike waya mmoja mmoja na kuuvuta taratibu: waya mzima ni mgumu, uliokatika ndani hurefuka kama mpira kidogo mahali palipokatika. Badili kipande chote kinachopita kwenye bawaba, usiunge katikati ya mkunjo.

Kinachofuata ni viunganishi vya haraka vinavyobanwa juu ya waya bila kuuchubua. Bamba lao hukata baadhi ya nyuzi, na tundu linalobaki huingiza maji. Kwenye gari linalokwenda nje ya lami sioni mahali panapovifaa. Kagua pia nyaya zinapopita kwenye ukingo wa bati au karibu na springi na bomba la moshi.

Tela likiungwa

Soketi ya kawaida ya miguu 7 ya volti 12 imepangwa hivi: 1 ni indiketa ya kushoto, manjano, 2 ni taa ya ukungu ya nyuma, bluu, 3 ni ethi, nyeupe, 4 ni indiketa ya kulia, kijani, 5 ni taa ndogo ya kulia, kahawia, 6 ni breki, nyekundu, 7 ni taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Umeme wa taa zote hurudi kupitia waya mmoja mweupe, hivyo taa za tela zikiingiliana kazi, pima mguu wa 3 kwanza. Ikiwa taa za gari ziko sawa mpaka tela liungwe, na gari lina kompyuta, huenda kifaa chake cha tela hakitambui tela lenye LED, na resista ndani ya tela, iliyofungwa kwenye bati lake, ndiyo inayolitambulisha.

Gia haitoki kwenye P, au gari halishikilii mwendo

Swichi ya breki inafanya kazi zaidi ya kuwasha taa. Kwenye magari ya gia otomatiki ndiyo inayofungua kufuli la gia, kwa hiyo fyuzi ya breki iliyokatika wakati wa kufunga taa inaweza kulifanya gari lisitoke lilipo. Mfumo wa kushikilia mwendo nao, katika baadhi ya magari, huutazama waya wa breki wakati kanyagio limeachiwa na hutarajia kuona ethi kupitia filamenti. Globu zote zikigeuzwa LED, ethi hiyo haionekani tena na mfumo unakataa kuwaka bila kuonyesha kosa lolote. Rudisha globu moja ya filamenti, kwa kawaida kwenye taa ya tatu ya breki, na ujaribu barabarani. Mfumo ukikubali, iache hapohapo.

Redio inanguruma

Redio ya mawasiliano ikipiga kelele breki inapokanyagwa tu, saketi ya kupunguza volti iliyo ndani ya LED inatoa mawimbi. Chomoa taa moja moja mpaka ukimya urudi, ili uijue iliyo na kasoro. Pete ya feraiti kwenye waya karibu kabisa na taa hiyo hupunguza kelele, na kuhamisha waya wa antena mbali na nyaya za taa husaidia. Taa ambayo bado inanguruma baada ya hapo ibadilishwe na ya mtengenezaji mwingine.